Kupona na Kujitegemea katika Vitabu vya Njia ya Unyanyembe

Vitabu vilivyoandikwa juu ya njia ya misafara, ile itokayo Bagamoyo na kupita Mpwapwa na Ugogo hata Tabora, kisha Tabora hata Ujiji, vimesomwa kwa muda wa karne moja na nusu kama vitabu vya maziwa na mito. Mwanafunzi wa jiografia huvifungua kutafuta chanzo cha mto Naili. Mwanafunzi wa historia huvifungua kutafuta habari za pembe, za watumwa na za vita vya Mirambo. Ni nadra kusomwa kama vitabu vya wagonjwa. Walakini waandishi wake aghalabu walikuwa wamelala kitandani au wamebebwa mabegani mwa watu, na maradhi yaliyowaangusha hayakuwa ya mwili peke yake. Yaliwapokonya macho, miguu, hesabu ya siku, na kwa muda fulani akili yenyewe.

Makala haya yanauliza jambo moja: vitabu hivyo vinamsimuliaje mtu aliyepotewa na fahamu au nguvu za viungo, kisha akarudi kuwa mtu wa kujiendesha? Jibu lake ni kwamba vinasimulia vizuri sana kuanguka, na vinasimulia vibaya sana kuinuka. Na upungufu huo haukutokana na uhaba wa ufundi wa kalamu. Kuinuka kulihitaji watu wengine, na kitabu cha mvumbuzi hakikuwa na nafasi ya watu wengine. Jambo hili lina uzito hata kwa msomaji asiyejali habari za Burton wala za Stanley, maana maradhi ya ubongo hayakwisha pamoja na misafara. Siku hizi kijana hutupwa na pikipiki kwenye barabara ya lami, karibu na pale pale wapagazi walipotua mizigo yao, akalala siku nyingi bila kujitambua, akaamka hana jina la mkewe kinywani. Wanaomzunguka hutafuta katika lugha yao hadithi ya kuwaonyesha njia ya mbele. Ikiwa maandishi waliyorithi yanajua kuanguka tu, watu hao wameachwa njia panda.

Ianzwe na Richard Burton. Yeye na John Hanning Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa kwa ukarimu na wafanyabiashara wa Kiarabu, wa mbele yao akiwa Snay bin Amir. Baada ya mwezi na zaidi wakashika njia ya magharibi. Na mwezi wa Januari 1858, mahali ambapo Burton anapaita Kajjanjeri, homa ilimwangusha ikamwacha amepooza. Katika kitabu chake juu ya nchi za maziwa, kilichochapwa mwaka 1860, anaeleza mwanzo wa ugonjwa huo kwa uangalifu wa tabibu: ganzi ya mikono na miguu, misuli kukazana, na hofu ya mtu anayeona mwisho wake ukikaribia. Kisha simulizi inaondoka kitandani na kurudi njiani. Mwandishi anaarifu kwamba kwa muda wa karibu mwaka mzima hakuweza kwenda mbali kwa miguu yake. Mwaka huo ndio aliotia macho katika ziwa Tanganyika, akarudi Tabora, akashika njia ya pwani. Lakini kama mwaka wa mtu anayejifunza upya kutembea, umefungwa katika maneno machache sana. Ni nani aliyemshika mkono siku ya kwanza aliposimama? Alikwenda hatua ngapi kabla ya kuketi? Ni lini aliacha kuinuliwa juu ya punda, akajipandisha mwenyewe? Haya msomaji hayapati.

Mtetezi wa Burton atasema kwamba kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya wanajiografia wa London, watu waliotaka vipimo vya nchi, majina ya makabila na bei za bidhaa, na kwamba si haki kumdai mwandishi kitu asichoahidi. Hoja hii ina nguvu nusu. Ingekuwa na nguvu kamili kama mwandishi angeuacha ugonjwa wote nje ya kitabu. Lakini aliuingiza, aliyapa maanguko nafasi, akayanyima maponyo. Huo ni uchaguzi, na uchaguzi wa mwandishi ndio ardhi ya mhakiki. Kuanguka kulizidisha utukufu wa msafiri, maana kulionyesha gharama aliyoilipa kwa ajili ya elimu. Kuinuka kwa hatua tatu leo na nne kesho kungempunguza, maana kungemwonyesha mwanamume mzima akijifunza kutembea kama mtoto, mbele ya macho ya watu aliowaita watumishi wake.

Mfano wa pili ni wa Speke. Mwezi wa Oktoba 1858, msafara ulipokuwa umekwisha kuondoka Tabora kurudi pwani, Speke alishikwa na ugonjwa mkali mahali paitwapo Hanga. Burton anausimulia kwa kurasa ambazo ni miongoni mwa zenye nguvu kabisa katika kitabu chake: maumivu kama ya chuma cha moto, ndoto za wanyama wakali na za mashetani wanaoichana mishipa ya miguu, mwili kukakamaa, kinywa kutoa sauti isiyokuwa ya mtu, na mgonjwa kuomba karatasi ili awaandikie jamaa zake maneno ya kuagana yasiyoshikamana.

Watu wa msafara walikuwa na jina la ugonjwa huo. Burton alilisikia kuwa kichomachoma, akalifasiri kuwa ni vyuma vidogo. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana neno la kusema. Jina hilo limejengwa juu ya kitenzi kuchoma, likarudiwa shina ili kuonyesha kitendo kinachotendeka tena na tena, likatiwa ki- ya mwanzo. Chuma ni neno jingine, ijapokuwa sikio la mgeni liliyakutanisha. Tafsiri ya Burton inataja vitu vilivyoingia mwilini mwa mgonjwa. Jina la wapagazi linataja mwendo wa maumivu, kuja na kuondoka na kuja tena. Tofauti hiyo si ndogo. Jambo lenye mwendo lina mwisho unaoweza kungojewa, na watu wenye jina la namna hiyo wamekwisha kukaa na wagonjwa, wakawaona wengine wakifa na wengine wakipona. Katika neno moja la wapagazi umo ujuzi wa kuuguza ambao kitabu kizima hakikuutafuta.

Kisa cha Hanga kina jambo lingine lililo zito zaidi. Siku zile zinajulikana kwa kalamu ya Burton, yaani kwa kalamu ya mtu aliyekuwa macho. Urafiki wao ulipovunjika, na Speke alipokwisha kufa mwaka 1864, Burton aliandika kwamba ni katika kuweweseka ndipo Speke alipotoa nje kinyongo alichokuwa amekificha kwa muda mrefu. Yawezekana ni kweli. Hata hivyo, maneno ya mtu asiyejitawala yamegeuzwa ushahidi dhidi yake, na mwenyewe hayupo kujibu. Kila aliyemlea mtu mwenye ugonjwa wa ubongo amesikia matusi, siri na tuhuma ambazo hazikutoka katika akili timamu. Adabu ya kazi hiyo ni kuyaacha maneno yale chumbani. Mwandishi aliyeyatoa barazani alikuwa amesahau kwamba wakati ule hakuwa mpinzani wa Speke. Alikuwa mwuguzi wake.

Mfano wa tatu unahusu siku zilizopotea. Henry Morton Stanley alikaa Kwihara, kijiji kilicho karibu na mji wa Tabora, katika tembe ambalo limehifadhiwa kama makumbusho ya Livingstone. Mwezi wa Julai 1871 homa ilimpanda kichwani. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 anaeleza jinsi alivyokuwa ameketi barazani, viungo vikalegea, na maisha yake yote yakaanza kupita mbele yake, akilia kwa yale ya huzuni na kucheka kwa yale ya furaha. Baada ya hapo kuna pengo. Alipoteza hesabu ya siku, na siku ambazo hazikuwamo kichwani mwake hazikuweza kujazwa ila kwa ushuhuda wa waliokuwa macho: kijana Selim, mkalimani wake kutoka Yerusalemu, na John William Shaw, baharia Mwingereza aliyefuatana naye.

Livingstone naye alikuwa na pengo lake. Mwanzoni mwa mwaka 1869, upande wa magharibi wa ziwa, kichomi kilimlaza hata akaandika kwamba amepotewa na hesabu ya siku za juma na za mwezi. Basi watu hawa wawili walipokutana Ujiji mwaka 1871, katika tukio ambalo limesimuliwa kuliko tukio lolote la njia ile, kila mmoja alikuwa amebeba kalenda iliyovunjwa na ugonjwa. Kitabu cha Stanley kinaiweka siku hiyo tarehe 10 Novemba; shajara ya Livingstone inaiweka ndani ya mwezi wa Oktoba. Wanahistoria wameshughulika sana kusahihisha tarehe. Mhakiki ana sababu ya kuliacha kosa mahali pake na kulitazama, kwa kuwa ndilo alama ya kweli kabisa ya ugonjwa iliyobaki katika maandishi hayo. Waandishi walijitahidi kulifunika pengo kwa namba, na namba zikakataa kupatana.

Mtu aliyeumia ubongo anaijua hali hiyo vizuri. Kipande cha maisha yake kimo katika vichwa vya wengine. Mkewe ndiye ajuaye jinsi alivyoletwa hospitali. Ndugu yake ndiye ajuaye siku ya kwanza alipofumbua macho. Yeye mwenyewe huipokea hadithi yake kama mtu anayepokea habari za marehemu. Hawezi kuwa mwandishi pekee wa maisha yake, hata akiwa na kalamu bora. Vitabu vya Unyanyembe vingeweza kuwa vya kwanza kulionyesha jambo hili kwa uwazi, kama waandishi wake wangeandika palipo na pengo: haya niliambiwa, na aliyeniambia ni fulani. Stanley alikuwa na Selim na Shaw. Selim aliendelea na safari. Habari za Shaw zahitaji kuangaliwa peke yake.

Shaw alikuwa mgonjwa tangu Kwihara. Msafara ulipoondoka mwezi wa Septemba 1871 kuelekea Ujiji kwa kuzunguka nchi ya Mirambo, alikuwa akitetemeka, hana moyo wa jambo lolote, akianguka kutoka juu ya punda mara kwa mara. Stanley hakuamini. Anamwandika kama mvivu anayejifanya mgonjwa, na kwa wasomaji wengi picha hiyo ndiyo iliyobaki. Mwisho Shaw aliomba kurudi, akarudishwa Kwihara akiwa amebebwa. Usiku wa kuamkia kuagana alikuwa amewapigia wenzake kinanda chake. Alikufa Kwihara, na Stanley alipofika huko tena mwaka 1872 alikuta kaburi.

Haifai mhakiki kutoa hukumu ya kitabibu juu ya mtu aliyekufa zamani hivyo. Lakini maandishi yenyewe yanaweza kuhukumiwa. Msimuliaji ni mtu ambaye mwezi wa Julai, katika nyumba ile ile, alipoteza siku nyingi kwa homa iliyompanda kichwani. Na mwezi wa Septemba hana hata sentensi moja inayouliza kama kulegea kwa mwenzake kungeweza kuwa na asili ile ile. Amepona, na pamoja na kupona amesahau. Ugonjwa wake mwenyewe ameuandika kama dhoruba iliyompata shujaa. Ugonjwa wa mwenzake ameuandika kama tabia mbaya. Hapo ndipo kitabu kinapoanguka kabisa, na hapo ndipo kinapomgusa msomaji wa leo. Jeraha la ubongo aghalabu halionekani. Mkono umepona, kovu limefunikwa na nywele, mtu anatembea. Lakini hawezi kuanza kazi asipoambiwa, hukasirika upesi, husahau alichotumwa, huchoka kabla ya adhuhuri. Jirani husema ni mvivu, mwingine husema ni mlevi, wa tatu husema amerogwa. Kila mmoja kati yao anamwandika kama Stanley alivyomwandika Shaw.

Sasa itazamwe mikono iliyowainua hao waliopona. Katika Kiingereza, kama katika Kiswahili, kauli ya kutendwa humruhusu msemaji kumwacha mtenda nje: nilibebwa, nililishwa, nilifunikwa. Vitabu vya njia ya Tabora vimejaa vitenzi vya namna hiyo. Katika hadithi ya barazani msikilizaji angeuliza papo hapo: na nani? Livingstone ni mwungwana kuliko wenzake katika jambo hili. Anamtaja Muhammad bin Gharib, mfanyabiashara aliyempa dawa na kuwaamuru watu wake wamchukue juu ya kitanda mpaka ziwani, hata akafika Ujiji mwezi wa Machi 1869. Walakini mabega yenyewe yaliyokibeba kitanda hicho hayana majina. Wala hakuna aliyeuliza jinsi mabega hayo yalivyojifunza kumbeba mtu asiyejiweza: kumgeuza asipate vidonda, kumkinga na jua, kwenda mwendo usiomtikisa kichwa. Huo ulikuwa ujuzi, sawa na ujuzi wa kufunga mzigo wa pembe.

Jambo la ajabu ni kwamba wabebaji walipata majina pale walipobeba maiti. Chuma na Susi wanajulikana duniani kwa kuuchukua mwili wa Livingstone kutoka kwa Chitambo, wakapita Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873, wakaufikisha pwani mwaka uliofuata. Miaka waliyomtunza akiwa hai, akitetemeka kwa homa na kutokwa damu, imebaki kama utangulizi wa safari ile ya msiba. Maiti hailalamiki wala haimpunguzii mtu heshima kwa kumtegemea. Kwa hiyo ni rahisi kuiandikia kitabu. Mtu hai anayelishwa na mwenzake ni habari ngumu zaidi.

Isisahauliwe pia kwamba mabega yalikuwa na bei. Burton mwenyewe anaeleza wapagazi wenye ndui waliokutwa njiani mwaka 1857, wakipepesuka, macho karibu yamefumba, wakijitenga na msafara kwenda kulala kando ya njia. Na vijiji havikuwafungulia. Hao hawakuwa na nguo wala ushanga wa kuwaajiri watu wanne na machela. Tofauti kati ya aliyepona na aliyeachwa mara nyingi haikuwa nguvu ya moyo, ijapokuwa vitabu hupenda kusema hivyo. Ilikuwa posho. Msomaji anayesifu ushupavu wa Burton kwa haki afikiri juu ya mpagazi mwenye ushupavu ule ule, ambaye hakupata mtu wa kumbeba hata kijiji cha pili.

Je, maandishi ya Kiswahili yenyewe yamefanya vema zaidi? Kitabu kikuu cha njia ile katika lugha hii ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichochapwa na Heinrich Brode huko Berlin mwanzoni mwa karne ya ishirini na kutolewa tena na Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Nyumba ya baba yake Tippu Tip ilikuwa Tabora, na mji huo hupita katika kitabu kama kizingiti cha mlango. Lugha yake ni ya mkato. Sentensi zake ni fupi kama hesabu za duka. Anaposimulia vita vya Nsama vya mwaka 1867, ambavyo alijeruhiwa kwa mishale, hakai juu ya jeraha lake; upesi anafika kwenye pembe zilizopatikana. Basi kwa habari ya kupona, yeye naye ni bubu. Lakini kuna tofauti moja inayostahili kupimwa. Kurasa zake zimejaa watu: fulani bin fulani, jamaa ya fulani, aliyekuwa mahali fulani, aliyemdai au kumkopesha. Mtu katika kitabu hicho hasimami peke yake hata siku moja. Haifai kukisifu kupita kiasi, maana mali iliyomo ilitoka kwa bunduki na utumwa, na waliobeba pembe zile wengi wao hawakutajwa kabisa. Hata hivyo, kama njia ya kusimulia, kimehifadhi jambo ambalo vitabu vya wavumbuzi vimelipoteza: kwamba maisha ya mtu ni daftari la mahusiano yake.

Yawezekana kuuliza kama kitabu cha kupona kinaweza kuandikwa kamwe. Ushahidi umo katika kazi ya tabibu Mrusi Aleksandr Luria, iliyochapwa mwaka 1971, juu ya askari aitwaye Zasetsky, aliyepigwa risasi ya kichwa mwaka 1943 katika vita vya Smolensk. Askari huyo alipotewa na uwezo wa kusoma, upande mmoja wa kuona, na majina ya vitu vya kila siku. Akajifunza herufi upya. Siku moja akagundua kwamba akiandika neno kwa mfululizo bila kuinua kalamu, mkono hukumbuka alichosahau kichwa. Tangu hapo aliandika kwa muda wa miaka 25, akajaza kurasa karibu 3,000, ingawa hakuweza kuyasoma kwa urahisi aliyoyaandika mwenyewe. Hapana ziwa lililovumbuliwa ndani ya kurasa hizo. Tukio kubwa ni mtu kupata neno alilolitafuta. Walakini msomaji huzifuata kwa wasiwasi ule ule ambao wengine huufuata msafara wa Ujiji, na sababu ni moja: hajui kama msafiri atafika. Na Luria yumo, akisema wazi maneno yapi ni ya mgonjwa na yapi ni yake. Palipo na pengo, pengo linaonyeshwa, na mkono uliosaidia unatajwa. Kitabu hiki kinabatilisha udhuru wa kwamba kupona hakuna hadithi.

Hapa Kiswahili kina neno linalohitaji kusafishwa. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno kujitegemea limekuwa na heshima kubwa katika Tanzania, na ni sawa. Lakini neno likitumika sana hupata kutu. Wengi hulitumia kana kwamba maana yake ni kutomhitaji mtu, na kwa kipimo hicho mtu aliyeumia ubongo hawezi kamwe kuhesabiwa kuwa amejitegemea, kwa kuwa huenda akahitaji ukumbusho wa dawa, mkono wakati wa kuvuka barabara, au mtu wa kukaa naye anapohesabu fedha. Kipimo hicho kingemkatalia hata Burton juu ya punda wake, na Livingstone juu ya kitanda chake. Hakuna aliyewaita hao wategemezi, maana ilidhaniwa kwamba safari ilikuwa yao. Basi hapo ndipo kiini kilipo. Kinyume cha kujitegemea ni kuamuliwa. Aliyebebwa lakini akachagua njia amejitegemea kwa kiasi. Anayetembea kwa miguu miwili lakini kila neno husemewa na wengine bado hajafika. Mkono mmoja haulei mwana, wala haumrudishi mtu mzima duniani. Lakini mikono mingi nayo inaweza kumfunika kabisa, isipojua wakati wa kuachia. Ujuzi wa kuachia kwa kadiri, leo kifungo cha shati, kesho ndoo nusu ya maji, kesho kutwa kwenda dukani peke yake na kurudi na chenji, ndio ambao watumishi wa hospitali huuita utengamao.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikamaliza kazi ya wapagazi. Njia ya mgonjwa haikufutika. Mtu aliyevunjika fuvu katika wilaya za Tabora huanzia zahanati ya karibu, akafika hospitali ya mkoa ya Kitete, na huenda akapelekwa Mwanza, au zaidi ya kilomita 800 mpaka Taasisi ya Mifupa Muhimbili huko Dar es Salaam, kwa njia inayofuata kwa sehemu kubwa ile ya misafara. Madaktari huandika safari ya kwenda: saa ya ajali, kiasi cha fahamu, upasuaji uliofanywa. Safari ya kurudi, ile ya miezi na miaka, hufanyika nyumbani, na waandishi wake ni wake, mama, wadogo na majirani ambao hawashiki kalamu. Kila siku maandishi hayo husemwa kwa mdomo na kupotea.

Kazi hii imewekwa mbele ya wanafunzi wa fasihi wa Kiswahili, nao wanayo yote yanayotakiwa. Lugha yao ina kauli za kutendwa, za kutendeana na za kujitendea, zinazoweza kupima kwa udhibiti nani alimfanyia nani nini, na lini mgonjwa alianza kujifanyia mwenyewe: aliogeshwa, akasaidiwa kuoga, akajiogesha. Katika vitenzi vitatu hivyo umo mwaka mzima ambao Burton hakuuandika. Atakayekwenda kukusanya habari hizo katika nyumba za Tabora na aanze na majina ya waliobeba. Aandike bila aibu palipo na pengo. Maneno ya kuweweseka ayaache chumbani. Na akimkuta mtu aliyelegea, asiyeanza jambo mpaka aambiwe, ambaye jirani wote wamekwisha kumwita mvivu, amkumbuke baharia wa Kwihara kabla ya kuandika neno la kwanza.